Beringi za tela la boti zinakufa kila miezi mitatu na breki zinaganda, tatizo liko wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Dar, nalifupisha. Ana boti ya faiba ya futi 18 yenye injini ya farasi 90, tela ni mtumba kutoka Uingereza lenye breki za dramu zile zinazojikaza zenyewe gari likifunga breki. Analivuta na Prado toka Mikocheni mpaka Kunduchi karibu kila wikiendi, mara moja moja anafika Bagamoyo. Beringi ya kushoto ilimfia njiani, fundi akachomoa pini ya nati akaweka mpya, miezi mitatu haijaisha inalia tena upande ule ule. Juu ya hapo tela likikaa wiki tatu bila kutumika tairi linagoma kuzunguka, na akirudi nyuma kwenye rampu ya kushushia boti majini breki zinajikaza zenyewe. Anauliza apake grisi mara ngapi, na kama akinunua Bearing Buddy, kile kifuniko cha habu chenye springi ya kusukuma grisi, atakuwa amemaliza tatizo, sababu mwezi ujao anataka kwenda Pangani.

Mkuu, Pangani isubiri kwanza mpaka hiyo habu ya kushoto, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ifunguliwe. Beringi ikishaanza kulia haikwambii itakatika lini, na ikikatika ukiwa kwenye spidi ya 80 gurudumu linaweza kuchomoka na habu yake nzima likaenda kumkuta mtu wa bodaboda anayekuja upande wa pili, wewe huku unabaki na boti iliyolala barabarani. Hili naomba ulichukulie kwa uzito wake.

Sasa tuje kwenye swali. Umeuliza kuhusu beringi na kuhusu breki kama vitu viwili, ila mimi nikisoma maelezo yako naona ugonjwa mmoja. Breki zako haziachii vizuri, kwa hiyo dramu inachemka njia nzima, dramu ikichemka habu nayo inachemka maana ni chuma kimoja, unafika Kunduchi unarudisha tela majini hapo hapo, habu ya moto inakutana na maji ya baridi na ile hewa iliyokuwa imepanuka ndani inasinyaa ghafla, ikisinyaa inavuta, na inachovuta ni maji ya bahari kupitia sili ya nyuma, ule mpira unaoziba habu. Alafu unarudi nyumbani unaegesha mpaka wiki ijayo, chumvi iko humo ndani na beringi. Fundi anakuja anaweka beringi mpya lakini kinachochemsha habu kiko pale pale na njia ya maji iko pale pale, sasa hiyo beringi mpya itapona kwa lipi? Hata ungepaka grisi kila Jumamosi ungeendelea kununua beringi.

Kuna kipimo cha bure utakachofanya kabla hujanunua chochote. Vuta tela kama kilomita 10, taratibu, karibu na nyumbani, na mwisho usifunge breki kwa nguvu, acha gari lipungue lenyewe. Shuka, sogeza mgongo wa mkono karibu na habu ya kulia alafu ya kushoto, usiguse moja kwa moja mpaka uhisi joto lake. Uvuguvugu ulio sawa pande zote ni kawaida. Moja ikiwa ya moto huwezi kuweka kiganja na nyingine iko poa, basi hiyo ya moto ina breki inayoburuta au beringi iliyokazwa kupita kiasi au iliyokwisha. Ukiinyanyua kwa jeki ndo utajua ni ipi.

Kunyanyua sasa. Tela liwe limefungwa kwenye gari, sehemu tambarare, kabari mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili, hendibreki ya tela umeiachia, na chini ya ekseli weka stendi ya maana, usitegemee jeki peke yake hasa kama boti iko juu. Kama unaweza kuishusha boti kabisa ni vizuri zaidi. Zungusha tairi kwa mkono huku sikio liko karibu: beringi nzima inazunguka laini, iliyoliwa inakwaruza na ukishika springi au ekseli unausikia mtetemo kwenye vidole. Alafu shika tairi juu na chini ulitingishe, mchezo mdogo sana unaruhusiwa, ukisikia inagonga kuna shida.

Ukitoa kile kifuniko cha grisi cha mbele angalia nati. Kama ni nati yenye mataji na pini imepita katikati, una beringi za rola za mshazari, za kufungua na kupaka grisi, na zote nitakazoongelea hapa chini ni hizo. Kama ni nati moja kubwa yenye kola na haina pini, hizo ni beringi zilizofungwa kiwandani, AL-KO na Knott, watengenezaji wa ekseli, wanazitumia sana kwenye matela ya Ulaya, hizo hazipakwi grisi, zikifa unabadilisha beringi nzima kwa presi, na ile nati haitumiki mara ya pili, inawekwa mpya na inakazwa kwa toki (nguvu ya kukazia) kubwa, kwa AL-KO ni Nm 290. Mtu akikuuzia Bearing Buddy kwa habu ya aina hiyo amekuuzia pambo. Wewe umesema fundi alichomoa pini, kwa hiyo tuendelee na za rola.

Chomoa pini, toa nati na washa, vuta habu, beringi ya nje inakuja mkononi, ya ndani inabaki nyuma ya sili. Hapa usikimbilie kufuta, angalia grisi kwanza. Grisi iliyoingiwa na maji inageuka rangi ya chai ya maziwa na inakuwa nyepesi, ukiikuta hivo maji yameingia hakuna mjadala. Grisi nyeusi yenye harufu ya kuungua ni joto. Ukiivuruga kwa vidole ukahisi chenga za chuma, beringi imeshaanza kujila.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi, petroli achana nayo, cheche moja tu inatosha kukuchoma. Ukipuliza kwa kompresa kukausha zuia beringi kwa kidole isizunguke, watu wanapenda ule mlio wa kuizungusha kwa upepo lakini rola zinaweza kuruka na kukutoa jicho. Alafu chukua tochi uangalie kile kikombe kilichopigwa ndani ya habu. Kikombe kizima kinang'aa mduara mzima bila doa. Ukiona mistari ya kijivu au ya kutu iliyopangana kwa nafasi sawa, pima nafasi hizo na rola utaona zinalingana: hapo rola zilikaa sehemu moja na maji siku nyingi, chumvi ikachora chuma. Beringi ya namna hiyo iliharibikia kwenye maegesho, barabarani ilienda kumalizikia tu. Ukiona rangi ya bluu au kahawia imeungua, hiyo ni joto. Vishimo hata vidogo vya kushika kucha, ni kubadilisha.

Sasa nakuomba umuulize fundi wako swali moja: alipobadilisha beringi alibadilisha na kikombe chake, na sili aliweka mpya? Nauliza sababu kupiga kikombe cha zamani kitoke ni kazi, mafundi wengi wanaruka, wanaweka rola mpya kwenye kikombe kilichochorwa na chumvi na wanarudishia sili ile ile waliyoichomoa kwa bisibisi ikapinda mdomo. Rola na kikombe ni pea, vinaliwa pamoja vinabadilishwa pamoja. Namba ziko zimechongwa pembeni, rola ina yake na kikombe kina chake, kwa mfano rola L44649 inakaa kwenye kikombe L44610, L68149 inakaa kwenye L68110. Nenda Kariakoo na vyuma vya zamani mkononi, soma namba mwenyewe, usikubali kuambiwa "hii inaingia tu". Kikombe kipya kiingie kwa kupigwa taratibu pande zote na patasi ya shaba, au weka kikombe cha zamani juu yake upige hicho, mpaka mlio wa nyundo ubadilike ujue kimefika chini.

Kingine ambacho kwenye kesi yako nakitilia mashaka kabisa ni spindo, ile ncha ya ekseli beringi zinapokaa. Beringi ikishamfia mtu njiani mara nyingi ringi ya ndani inakuwa imezunguka juu ya spindo na kuila. Chukua beringi mpya iteleze kwa mkono mpaka sehemu yake: iingie kwa kuteleza na isicheze. Ikicheza, ekseli hiyo inataka kazi ya kerezo au kubadilishwa, hakuna grisi itakayoiponya. Alafu pitisha kucha pale midomo ya sili inaposugua, ukihisi mfereji maji yatapita hapo hata kwa sili mpya ya bei mbaya. Kutu ndogo piga kwa msasa laini, mfereji unaoshika kucha weka slivu nyembamba ya stenlesi inayopigwa juu ya spindo ili sili ipate uso mpya. Sili iwe ya midomo miwili yenye springi ndani, na mdomo wake upake grisi kidogo kabla ya kuingiza usije ukazunguka mkavu.

Grisi chukua ya majini, kwenye kopo itaandikwa ya marine, zile za kalsiamu sulfoneti kwa mtu wa baharini ndo napenda zaidi maana zinavumilia maji na zinazuia kutu. Rangi isikudanganye, bluu au kijani ni rangi tu. La muhimu ni usichanganye grisi mpya na mabaki ya ya zamani usiyoijua, baadhi hazipatani, zikikutana zinalainika na kutiririka. Kujaza, weka donge kwenye kiganja, upande mpana wa beringi uukandamize kwenye grisi kwa kuburuta, mpaka uone grisi inachomoza juu katikati ya rola, zungusha kidogo, endelea mpaka mduara wote utimie. Kupaka kwa nje na kidole hakuhesabiki, rola zinabaki kavu ndani.

Kukaza nati ndo sehemu inayoua beringi mpya kuliko zote. Dexter wa Marekani, ambao ni watengenezaji wa ekseli, wanaelekeza hivi na mimi ndo nafuata: kaza mpaka Nm 68 hivi huku unazungusha habu ili rola zikae, alafu legeza nati bila kuzungusha habu, kisha irudishe kwa vidole tu mpaka iguse, weka pini. Nati inabaki inacheza kidogo na kinachoizuia ni pini. Kama tundu halilingani rudisha nyuma kidogo, usikaze mbele. Fundi aliyezoea kukaza kila kitu kwa bomba ataona imelegea na atataka kuongeza, mkatalie. Pini iwe mpya kila mara.

Bearing Buddy sasa. Ni kitu kizuri na nakushauri ununue, ila ukishatengeneza hayo mengine. Ni kifuniko chenye pistoni na springi, kinaisukuma grisi ya ndani ya habu kwa presha ndogo, kama psi 3, ili habu ikipoa majini kinachosukuma kiwe grisi kwenda nje badala ya maji kuja ndani. Ile pistoni ukibonyeza pembeni ikacheza, grisi ipo ya kutosha, isipocheza ongeza kwa pampu ya mkono taratibu. Wenye tela lisilo na breki wakijaza kupita kiasi wanachafua rimu tu. Wewe una dramu, ukipampu mpaka sili ya nyuma ikasukumika, grisi inamwagika kwenye breki shuu, zile zinazosugua dramu kwa ndani, na huna breki upande huo, tena hutajua mpaka siku unaihitaji. Kwa hiyo chungulia nyuma ya gurudumu kila baada ya kujaza. Na pia haikuondolei kazi ya kufungua, maana grisi mpya inakaa mbele, ya beringi ya nyuma inaweza kuwa imeshaharibika na wewe huku unaona kifuniko kimejaa.

Tuje kwenye breki. Kule Uingereza tela la uzito jumla zaidi ya kilo 750 lazima liwe na breki, ndo maana lako linazo, na zako zinafanya kazi kwa msukumo: ukifunga breki za gari, tela linasukuma, kile kichwa cha mbele kinarudi ndani, kinavuta fimbo, fimbo inavuta kebo mbili, kebo zinatanua shuu ndani ya dramu. Na kuna utaratibu humo ndani wa kuzifanya shuu ziachie zenyewe gurudumu likizunguka kinyume ili uweze kurudi nyuma. Huo ukiganda kwa kutu ndo unapata kile unachokipata rampani. Na kebo zikiingia kutu ndani ya ganda lake zinavutika lakini hazirudi, hapo ndo breki inaburuta safari nzima.

Kwa hiyo dramu ikishatoka, chomoa kebo uivute kwa mkono, isipoteleza laini badilisha, kumwagia oili ni kuahirisha. Kitanulio na kile kishikio cha shuu ya kurudi nyuma vitoe, safisha, paka grisi chembe kidogo sehemu za kusuguana za chuma kwa chuma tu. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kompresa, lifute kwa kitambaa chenye maji, Uingereza walipiga marufuku asbestosi moja kwa moja mwaka 1999 na mtumba wako unaweza kuwa wa kabla ya hapo. Shuu iliyolowa grisi tupa, kuichoma moto au kuiosha kwa petroli haiirudishi, na ikibaki milimita 2 tupa, zote nne kwa pamoja, ukibadilisha upande mmoja tela litavuta upande.

Marekebisho yana mpangilio wake na huu wengi wanaugeuza. Magurudumu yote juu, hendibreki imeachiwa, kichwa cha mbele umekivuta nje mpaka mwisho, nati za fimbo umezilegeza kabisa. Anza kwenye gurudumu, kaza kile cha kurekebishia nyuma ya dramu huku unazungusha tairi kwa mwelekeo wa kwenda mbele tu, likigoma legeza mpaka lizunguke huru. Ukizungusha kinyume ule utaratibu wa kurudi nyuma unaachia shuu na unapata kipimo cha uongo. Fanya upande wa pili. Mwisho kabisa ndo uje kwenye fimbo, uondoe ulegevu tu bila kuivuta. Wanaoanza na fimbo, breki ikiwa nyepesi wanaikaza tu pale mbele, shuu zinakaa zimegusa dramu muda wote, na hicho ndo nahisi kimefanyika kwako upande wa kushoto.

Kuganda ukiegesha sababu yake ni hendibreki. Usiiache imevutwa baada ya kutoka baharini, shuu zinashikana na dramu kwa kutu. Egesha sehemu tambarare, achia, weka kabari.

Kwenye rampu ukifika usiende majini moja kwa moja. Fungua mikanda, pakia vitu, weka kizibo cha boti, chomoa plagi ya taa maana balbu ya moto nayo ikiguswa na maji inapasuka, mpaka ukiweka kiganja kwenye habu usihisi joto. Nusu saa hivi inatosha mara nyingi. Na kama una uvumilivu angalia kina, boti zingine zinaelea kabla maji hayajafika katikati ya habu. Ukirudi osha kwa maji yasiyo na chumvi ndani ya dramu kupitia tundu la nyuma, na hapa watu wa Dar tuangalie, maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi, yaonje kwanza, yakiwa na chumvi tumia ya bomba ya DAWASA hata kama ni ndoo mbili. Alafu funga breki mara kadhaa njiani ukielekea nyumbani zikauke.

Mara ngapi? Dexter hao hao wanasema miezi 12 au maili 12,000, yaani kilomita 19,000 hivi, kwa matela ya kawaida. Kwa linaloingia bahari ya Hindi kila wikiendi mimi nasema kila miezi sita unafungua kabisa, sili mpya kila unapofungua, na kabla ya safari ndefu yoyote. Wenzetu wa Mwanza wanaotumbukiza Ziwa Victoria kutu kwao ni kidogo, ila maji yasiyo na chumvi nayo yanaua grisi, mwaka mmoja usizidi.

Kabla ya Pangani tengeneza habu ya akiba: dramu nzima yenye vikombe, beringi zilizojazwa grisi na sili ndani, ifunge kwenye nailoni, pamoja na nati, washa, pini mbili na kifuniko. Weka na jeki inayofika chini ya ekseli ya tela, ya Prado inaweza isikae vizuri, na spana ya nati za tairi za tela maana saizi zake huenda si za gari. Ukitengeneza vuta kilomita 50, simama, kaza nati za tairi tena, pima joto la habu zote mbili kwa mgongo wa mkono kama nilivyosema. Zikiwa sawa, nenda.